Maua na mimea ya Krismasi na Mwaka Mpya Dodoma: maswali mnayotuuliza kila Desemba

Kuanzia mwisho wa Novemba maswali kitaluni yanakuwa yale yale. Kuna mteja aliyesimama mbele ya viroba vya miche, kuna ujumbe wa sauti wa saa tano usiku, kuna mzee wa kanisa anayepiga simu ngazi ikiwa imeshaegeshwa ukutani. Tumeyakusanya hapa. Msimamo wetu utauona mapema: Desemba ya Dodoma ina mimea yake, na anayeing'ang'ania Desemba ya Ulaya atamaliza hela kwa vitu vinavyokauka kabla wageni hawajafika.

Picha zote za mapambo ya Krismasi zina theluji. Huku kwetu ni joto na mvua ndiyo inaanza. Tufuate nini?

Picha hizo zimetoka nchi ambako Desemba ndiyo baridi kali, miti imepukutisha majani na giza linaingia mapema. Watu wa huko huingiza ndani kijani kichache kinachobaki: matawi ya misonobari, na majani yenye miiba na vitunda vyekundu unayoyaona kwenye kadi. Mti wa Krismasi wenyewe ni desturi ya Wajerumani. Uingereza uliupokea kwa kishindo katika miaka ya 1840, picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, aliyekuwa Mjerumani, wakiwa na watoto wao mbele ya mti ilipotoka gazetini.

Hapa mambo ni kinyume. Baridi yetu ni ya Juni na Julai. Kiangazi kinatubana mpaka Novemba, halafu mvua, ambazo kwa mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600 tu, zinashuka karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Sikukuu inakuta nyasi zinachipua, mibuyu imevaa majani, na wenyeji wako shambani wanapanda uwele na mtama. Wenzetu hupamba ndani kwa sababu nje hakuna kitu. Sisi nje ndiyo kumekucha.

Kwa hiyo pamba kwa kile kilichochanua, ukichanganya na vitu vikavu vya msimu uliopita: masuke ya uwele na mtama, vibuyu, maganda ya ubuyu, choya kavu. Funga masuke ya uwele kama ishirini pamoja, yatumbukize kwenye kibuyu chenye shingo ndefu, weka kwenye kona ya sebule, na umemaliza. Hayanywi maji. Ila yaanike juani siku nzima kwanza na kuyakung'uta, maana fukusi wakiingia nayo ndani watahamia kwenye unga wako.

Ule mti wa maua mekundu kando ya barabara, ninaweza kukata matawi nikaweka mezani?

Mkrismasi. Asili yake ni Madagaska, na huku unachanua Novemba na Desemba ndiyo maana ukapewa jina hilo. Kukata unaweza, kama mti ni wako, lakini ua lake likishatengana na mti hulegea siku hiyo hiyo. Ukilitaka mezani, chuma maua yaliyofunguka asubuhi na uyaache yaelee kwenye bakuli pana la maji, bila vikonyo. Yatafika jioni. Kesho yake weka mengine.

Kinachodumu ni maganda yake ya mbegu, yale marefu ya kahawia kama upanga, ambayo watoto huyatumia kama kayamba. Yaokote chini ya mti, yafute vumbi, yapake mafuta kidogo ya kula kwa kitambaa. Yakitundikwa kwa kamba ya katani dirishani yanatoa mlio upepo ukipita, na upepo Dodoma hatujawahi kuukosa.

Kwa mti wa Krismasi mnashauri nini: saipresi, mvinje au wa plastiki?

Inategemea unautaka kwa muda gani. Saipresi au msonobari uliokatwa unatoka nyanda za juu, unafika hapa umeshasafiri, na hewa yetu kavu inaumaliza. Ukiusimamisha mkavu sebuleni, wiki ya pili unafagia. Usimamishe kwenye ndoo ya lita 20 yenye mchanga na kokoto, kata kisigino cha shina upya kabla ya kuusimika, na mwagia mchanga huo maji kila siku. Usiuweke karibu na jiko wala kwenye dirisha linalopigwa na jua la jioni. Taa za rangi zizimwe mnapolala, na mishumaa kwenye matawi isiwepo kabisa: saipresi iliyokauka ikishika moto haikupi nafasi ya kutafuta maji.

Mvinje ulio hai kwenye ndoo au poti kubwa ndiyo chaguo letu. Unavumilia joto, unakubali kupunguzwa kwa mkasi ukapata umbo la pembetatu, na Januari unarudi nje kivulini kusubiri Desemba nyingine. Ukichoka nao, panda shambani wakati mvua bado zipo.

Wa plastiki hatuuzi, lakini hatuna ugomvi nao. Kama tayari unao, utumie miaka yote mpaka uchoke wenyewe. Kununua mpya kila mwaka ndiyo hatuelewi.

Jambo moja la sheria: usitume kijana na panga kwenda kukata mti kwenye msitu wa hifadhi. Bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kusema ilikuwa Krismasi si utetezi.

Nilinunua poinsetia nyekundu mwaka jana Desemba. Mwaka huu imejaa majani ya kijani tu. Mmeniuzia jike au dume?

Hili ndilo swali linaloongoza, kwa hiyo tutalijibu taratibu.

Poinsetia ni mmea wa Meksiko. Jina limetokana na Joel Roberts Poinsett, mjumbe wa kwanza wa Marekani nchini humo, aliyepeleka miche kwao katika miaka ya 1820. Kile chekundu unachokipenda si ua. Ni majani. Maua yenyewe ni vile vitufe vidogo vya njano katikati ambavyo hakuna anayevitazama. Majani ya juu hugeuka mekundu pale mmea unapohesabu usiku mrefu mfululizo kwa wiki kadhaa. Meksiko na Ulaya usiku hurefuka kuelekea Desemba, ndiyo maana huko ukawa mmea wa Krismasi bila kulazimishwa.

Sisi tuko kusini ya Ikweta. Desemba ndiyo mchana wetu mrefu, kama saa 12 na nusu. Juni ndipo mchana unashuka chini kidogo ya saa 12. Kwa kalenda ya poinsetia, Krismasi ya Dodoma iko katikati ya mwaka. Ndiyo maana ile mikubwa iliyopandwa kwenye nyua hupiga wekundu wakati wa baridi, watu wamevaa masweta, na hakuna anayeiimbia. Uliyonunua Desemba ilikuwa imedanganywa kitaluni.

Na wewe unaweza kuidanganya. Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba, kila siku saa 11 jioni ifunike kwa boksi zito lisilopitisha mwanga, ifunue saa 1 asubuhi. Hizo ni saa 14 za giza. Mchana ipate mwanga wa kutosha. Endelea hivyo wiki nane hadi kumi bila kuruka. Taa ya korido ikipenya kwenye tundu la boksi, au mtoto akifunua kuchungulia saa mbili usiku, mmea unaona kumekucha na hesabu inavurugika. Boksi usiliweke palipopigwa na jua la jioni, ndani patakuwa tanuri. Chumba chenye kivuli kinafaa zaidi. Tunawajua wateja wanaofanya hivi kila mwaka kwa uaminifu wa mtu anayemeza dozi. Wengine hufika wiki ya tatu wakaja kununua mwingine, na hao pia tunawapenda.

Usipotaka shida hiyo, ipande ardhini palipo mbali na taa za usiku, na ufurahie wekundu wake Juni na Julai. Ikishamaliza, ikate ibaki kimo cha goti, itachipua upya. Utomvu wake mweupe unawasha ngozi na macho, vaa glavu unapokata. Uvumi kwamba unaua mtu si kweli. Mtoto akitafuna jani huweza kutapika na kuwashwa mdomo, inatosha kuwa sababu ya kuuweka juu.

Nilitundika shada la mviringo mlangoni kama kwenye picha. Jirani akaja kunipa pole.

Jirani hana kosa. Kwetu shada la mviringo lina maana yake tangu zamani, na maana hiyo iko makaburini. Likiwa la majani mabichi na maua meupe ndiyo kabisa. Mzee akiliona getini atavua kofia. Nyumba za vijana wa Ilazo na Kisasa wameshazoea, lakini kama unategemea wageni kutoka kijijini, ama badilisha umbo ama badilisha vifaa.

Umbo: funga matawi machache yakiangalia chini, kama mkungu unaoning'inia, mapana juu na kuchongoka chini. Hakuna atakayefikiria msiba.

Vifaa: Dodoma tuna mzabibu, na mzabibu hupogolewa baada ya kila mavuno. Ukimwomba mkulima wa Hombolo au Mpunguzi yale matawi anayotupa, mara nyingi atakupa bure akushangae. Chagua yaliyo membamba kama kidole cha mwisho na yenye vile vikonyo vilivyojikunja vya kujishikizia, usivikate, ndiyo urembo wenyewe. Yaloweke kwenye beseni usiku kucha. Asubuhi chukua matawi manne, yazungushe upana wa sinia dogo, tawi la tano ulipitishe ndani na nje kama unasuka, ncha zote uzichomeke kwenye msuko. Halihitaji waya. Likikauka linakuwa la kahawia, gumu, na linakaa miaka. Juu yake chomeka choya kavu, pilipili nyekundu kavu, na kipande cha kitenge chenye rangi za kuchangamka. Shada la namna hiyo halifanani na la kaburini hata kwa mbali.

Na wale mnaokwenda kusafisha makaburi ya wazazi siku za sikukuu: hapo shada la kawaida liko mahali pake. Mkitaka kitu kitakachobaki baada ya nyie kuondoka, pandeni mshubiri au sansevieria, ile ya majani marefu yaliyosimama kama panga. Vinaishi bila mtu wa kumwagilia mpaka mtakaporudi.

Sisi ni kamati ya mapambo kanisani. Tuanze lini kuweka maua, na shada la Majilio linatengenezwaje?

Kwa Wakatoliki, mwongozo wa Misale ya Kirumi, kifungu cha 305, unasema maua ya altareni wakati wa Majilio yawe ya kiasi, yasije yakatangulia furaha ya Noeli yenyewe. Maana yake msimalize bajeti mapema. Kijani na maua machache kwa Jumapili nne, kisha kazi kubwa tarehe 24 mchana. Kifungu hicho hicho kinataka maua yawekwe kuzunguka altare, si juu yake. Makanisa mengine yana taratibu zao. Mwulizeni mchungaji kabla ya kununua.

Shada la Majilio lenye mishumaa linatokana na Mlutheri wa Hamburg, Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini. Mwaka 1839 alichukua gurudumu la mkokoteni akaweka mishumaa midogo myekundu 20 na mikubwa meupe minne, ili watoto wahesabu siku zilizobaki. Leo imebaki minne: kwa Wakatoliki mitatu ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi, unaowashwa Jumapili ya tatu. Hili halichanganywi na la msiba kwa kuwa linalala mezani. Tumieni mviringo wa mzabibu tulioueleza, lakini kila mshumaa ukae ndani ya kopo la bati lenye mchanga, maana mzabibu mkavu ni kuni.

Kwa nguzo na mlango mkuu, migomba michanga na makuti ya mitende bado havijapata mpinzani. Matawi ya bogenvilia yanavutia macho yakiwa ukutani kwake, ila yakikatwa hunyong'onyea kabla ya mahubiri kwisha. Mkiyataka lazima, yapukutisheni majani yote ya kijani yabaki yale ya rangi tu, na yatumbukizeni shina zima kwenye maji kwa saa kadhaa kabla ya kupamba.

Nataka kumpelekea mama mkwe maua. Inafaa?

Inafaa, yasiende peke yake. Mama mkwe wa Mpwapwa au Manyoni akipokea shada la waridi mkono mmoja, atakushukuru kwa adabu zote, na moyoni atauliza atayapika na nini. Peleka kikapu: mchele, sukari, mafuta, kitenge, na juu yake mmea kwenye chungu. Mmea unamweleza kwamba umemfikiria kwa zaidi ya siku moja. Mkabidhi kwa mikono miwili baada ya shikamoo, si mlangoni.

Kwa baba mkwe, mche wa matunda. Kwa mwalimu wa mtoto au bosi, chungu kidogo cha mezani kinatosha na hakiwezi kuitwa rushwa. Kwa mchumba, waridi jekundu, hapo hatuna la kuongeza. Maua meupe matupu epuka kumpa mtu mzima aliyefiwa karibuni. Kwa jirani Mwislamu, wengi wakiwa marafiki zetu wa Kondoa, mmea wa Mwaka Mpya unapokelewa vizuri kabisa. Asumini ndiyo tunayopendekeza, kwa harufu yake jioni.

Mche gani wa matunda unafaa kuwa zawadi, na utashika kweli Dodoma?

Desemba ndiyo mwezi mzuri kuliko yote wa kutoa mche, kwa sababu mpokeaji anaupanda na mvua inamsaidia kumwagilia kwa miezi minne. Hapa ndipo tunapowashinda wenye theluji kwa mbali. Tangu kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani ilipozinduliwa Desemba 2017, watu wengi wamepanda miti ya kivuli. Wa matunda bado nafasi ipo.

Komamanga, mlimao, mpera, embe la kubebesha na mzabibu vinavumilia. Mzabibu unahitaji kichanja na mtu wa kuupogoa, mpe mwenye moyo huo. Parachichi tunaulizwa sana na tunawakatisha tamaa kwa upole: linapenda ubaridi na maji mengi, na kiangazi chetu si rafiki yake. Kama mpokeaji ana kisima na kivuli, ajaribu.

Pamoja na mche andika maelekezo kwenye karatasi, kwa mkono wako: shimo la sentimita 60 kwa 60 na kina hicho hicho, udongo wa juu utengwe, uchanganywe na debe moja au mawili ya samadi iliyooza, kiroba kichanwe na kuondolewa. Hilo la kiroba liandike kwa herufi kubwa. Tumeona miche iliyopandwa na mfuko wake. Halafu azungushie miiba, kwa sababu mbuzi wa Dodoma hawajui sikukuu.

Waridi za kukatwa zinatoka wapi, na nifanyeje zidumu?

Nyingi zinatoka Arusha, kwenye mashamba ya chini ya Mlima Meru ambayo mengi ya maua yake husafirishwa kwenda Ulaya. Zinafika kwa basi kupitia Babati na Kondoa, zimelala kwenye boksi usiku mzima zina kiu. Ukifika nazo nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, kata kila kikonyo sentimita mbili kwa mshazari ukitumia kisu kikali, ondoa majani yatakayozama, tia kwenye maji safi. Lita moja ya maji, kijiko cha chai cha sukari, matone machache ya jiki. Sukari ni chakula, jiki inazuia ule ute unaoziba vikonyo. Badilisha maji kila siku ya pili na ukate tena kidogo.

Sasa sikiliza hili la Desemba. Ni msimu wa embe, na kila nyumba ina beseni la embe mezani. Embe, ndizi na papai vinapoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo inayazeesha maua. Waridi na beseni la embe visikae meza moja. Mteja anayelalamika kwamba waridi zetu zimekufa siku ya pili, swali letu la kwanza ni zilikaa wapi.

Kama unataka maua ya bustanini kwako, otesha zinia mwanzoni mwa Oktoba kwa kumwagilia. Desemba zitakuwa zimefunguka, na kadiri unavyochuma ndivyo zinavyozidi kutoa. Gomfrena, yale maua ya mviringo ya zambarau, yakikaushwa kichwa chini kivulini hayapotezi rangi.

Angalizo kwa wanaonunua Arusha: vile vimaua vyeupe vidogo vya kujazia shada, hakikisha si gugu karoti. Ni gugu vamizi, linawasha ngozi na kusumbua wenye pumu, na mbegu zake zikidondoka uani umejitafutia kazi ya maisha.

Maji ya kwangu yana chumvi. Mimea ya ndani inaungua ncha za majani.

Ni tatizo la visima vingi hapa. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo wa chungu, ndiyo hiyo chumvi. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, ndiyo dawa, na Desemba mvua iko. Mara moja kwa mwezi mwaga maji hayo mengi kwenye chungu mpaka yatoke chini kwa wingi, yasukume chumvi nje. Chungu kisicho na tundu chini hakifai, hata kikiwa cha bei mbaya.

Ni mimea gani ya kuepuka nyumba ikiwa na watoto wa likizo?

Oleanda, ile ya maua ya waridi inayopandwa kama uzio: sumu mti mzima, usitumie hata kijiti chake kuchomea mishkaki. Binamu yake mwenye maua ya njano ya kengele na mbegu kubwa ngumu, vivyo hivyo. Mnyaa, utomvu wake ni hatari kwa macho. Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi wanazotunga shanga, nzuri sana, na moja ikitafunwa inaweza kuua. Zisiingie kwenye mapambo kabisa.

Kuna maua mengine ya porini yanayoibuka na mvua hizi. Lile lenye umbo la mpira mwekundu linalochomoza ardhini kabla ya majani, kichwa kimoja kikiwa na vimaua vinavyoweza kufika 200, na gloriosa, yenye petali nyekundu na njano zilizopinda juu kama miali. Yote ni mazuri ajabu na yana sumu kwenye tunguu zake. Yatazame hapo hapo yalipo. Ukiling'oa porini ulipeleke sebuleni, umelipoteza mara mbili.

Adenium, yenye shina nene kama kibuyu na maua ya waridi, tunaiuza, kwa onyo. Ni mmea wa nyika zetu kavu, unakaa bila maji kuliko unavyodhani, lakini utomvu wa jamii yake ndio Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanaopaka kwenye mishale. Ukikata, nawa.

Tunataka zawadi za wafanyakazi ofisini Mtumba. Mmea usiokufa upo?

Usiokufa hakuna. Unaochelewa kufa ni ZZ, ule mmea wa ndani wenye majani mazito yanayong'aa, na sansevieria. Vyote viwili kwao ni Afrika Mashariki. ZZ ilianza kuzalishwa kibiashara kwa wingi Uholanzi mwaka 1996, na leo nyingine zinarudi huku kwa bei ya kigeni wakati mimea yenyewe ni ya kwetu. Maji kila baada ya wiki mbili au tatu, basi. Wanaozikosea ni wale wenye huruma ya kuzimwagilia kila asubuhi.

Mwenye dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja anaweza kupewa saintpaulia, ua dogo la zambarau ambalo Ulaya ni zawadi ya kila duka. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa kikoloni Tanga, alilikuta huko mwaka 1892, na mpaka leo Wajerumani wanaliita kwa jina la Usambara. Dodoma linahitaji kubembelezwa: maji yawekwe kwenye kisahani cha chini, yasiguse majani.

Kwenye filamu wanabusiana chini ya tawi lililotundikwa. Linapatikana?

Ndugu zake wapo. Ni kirukia, mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine na kuifyonza maji. Tazama kwenye migunga na miembe. Ndege hula vitunda vyake vyenye ulimbo na kuzisambaza mbegu. Mwenye mwembe atafurahi ukimtolea bure. Hayo ya kubusiana usiyafanye mbele ya wakwe.

Tunasafiri kwenda Moshi wiki mbili. Nani atamwagilia?

Kama jirani haaminiki, kusanya vyungu vyote chumba chenye mwanga bila jua kali. Jaza ndoo maji, iweke juu ya matofali ili iwe juu kuliko vyungu. Chana khanga kuukuu vipande virefu, kila kimoja ncha moja ifike chini ya ndoo, nyingine ifukiwe kwenye udongo kina cha kidole. Lowesha kitambaa chote kabla. Fanya majaribio siku mbili kabla ya safari ili ujue ndoo inashuka kiasi gani. ZZ, sansevieria na adenium visiunganishwe, vitaoza.

Mnafungaje zawadi bila mfuko wa plastiki?

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Tunafunga kwa gazeti na kamba ya katani. Ukitaka ya kupendeza, leta kikapu cha ukili au nusu doti ya khanga. Chagua khanga kwa kusoma maneno yake kwanza, hasa ikienda kwa wifi.

Niagize lini?

Mti wa kwenye ndoo na poinsetia, katikati ya Novemba. Miche ya matunda ipo mwezi mzima. Waridi ziagizwe kabla ya tarehe 18, kwa sababu baada ya hapo mabasi yanajaa abiria na maboksi ya maua yanakaa stendi ya Nanenane yakisubiri. Tarehe 24 tunafunga saa 12 jioni. Anayefika saa moja atamkuta mlinzi, na mlinzi hauzi maua.